Maswali ya wasomaji: Huyu mtoto wangu haishi kuumia

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya mtoto aliyedondoka ngazini, basi meseji zikamiminika, kumbe wazazi wengi mnaishi na hofu hiyo hiyo na kila mmoja anadhani ni yake peke yake. Kwahiyo leo safu yote ni ya hiyo mada. Kwa wageni, mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi na nimelea wa kwangu watatu.

Swali: Shikamoo dada. Nina mtoto wa kiume ana miaka 4. Dada mi nimechoka. Mwaka jana aliungua mkono na pasi, mwezi wa tatu akadondoka ngazini akavunjika mkono, juzi kachukua stuli kaweka na ndoo juu yake ili afike juu ya kabati, kaanguka kachanika juu ya jicho, kashonwa nyuzi nne. Daktari akaniuliza "mama, huyu si yule yule?" niliona aibu mpaka nikalia. Mama mkwe anasema simfundishi adabu, mume wangu anasema mtoto ana mkosi. Nimemkanya, nimemchapa, wiki haiishi karudia. Kwani kuna watoto wamezaliwa wa kuumia tu? (Mama mtundu)

Jibu: Marahaba mdogo wangu, pole sana, na yeye mpe pole yangu.

Nianze na hilo la mkosi, maana sio mume wako peke yake, hata wataalamu walishalishika hilo wazo. Mwaka 1926 watafiti wawili wa Uingereza, Farmer na Chambers, walikuwa wanachunguza wafanyakazi wakaandika kwamba kuna watu wana asili ya kupata ajali kuliko wenzao, na baadae watu wakaja kulibandika na kwa watoto. Shida yake ni kwamba ukishasema mtoto ndivyo alivyoumbwa, huulizi tena ile stuli ilikuwa inafanya nini karibu na kabati.

Ila nisikudanganye, watoto hawafanani. Kuna anayesimama kwanza akaangalia, na kuna ambaye mguu unatangulia akili inafuata nyuma. Mwaka 1995 mtafiti mmoja wa Marekani, Jodie Plumert, aliwapa watoto wa miaka 6 na 8 vikazi vidogo kama kufikia kitu kilichowekwa juu, na kabla mtoto hajajaribu anaulizwa, utaweza? Watoto wakawa wanasema ndio hata kwa vitu vilivyowazidi kabisa, na kwa wale wa miaka 6, waliokosea zaidi kujipima ndio waliokuwa wameshapata ajali nyingi zaidi huko nyuma. Sasa hao ni wa miaka 6, wako ana 4. Alivyokuwa amesimama juu ya ile ndoo, kichwani mwake alishafika juu ya kabati zamani, hakukudharau wala hakusahau ulichomkanya, ni kwamba ile sehemu ya mbele ya ubongo inayomwambia mtu "hebu ngoja kwanza" ndio ya mwisho kabisa kukomaa, inaendelea mpaka mtu ana miaka 20 na kitu. Mwili unao injini, breki bado zinatengenezwa.

Naomba ufanye kitu kimoja kabla ya vyote. Chukua daftari uandike zile ajali tatu, na kwa kila moja jibu haya: alikuwa anatafuta nini, wewe ulikuwa hatua ngapi kutoka alipo, na ilikuwa saa ngapi. Juu ya kabati kuna kitu, mtoto hapandi kabati kwa sababu ni kabati. Ni simu? Ni mwanasesere uliomficha kama adhabu? Na ile pasi, ilikuwa imewashwa au ulishaizima ukaiweka chini ipoe? Wengi niliowapokea waliungulia hapo kwenye kupoa, mama kashachomoa waya, moyoni anaona hatari imekwisha, anageuka kukunja nguo, kumbe lile bati bado linaunguza kwa muda mrefu na halijabadilika rangi wala halitoi moshi, mtoto atajuaje? Na saa nayo angalia. Wodini kwetu mchana unaweza ukawa kimya kabisa, kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 2 usiku ndio wanaanza kuingia, maana mtoto kachoka ana njaa, na wewe umerudi umechoka, jiko limewaka, kila mtu anataka kitu kwa wakati mmoja.

Sasa la kuchapa, na hapa nitasema bila kuzunguka kwa sababu nimeona kwa macho yangu. Siku moja aliletwa mtoto wa kike wa miaka 5. Maji ya moto yalimwagikia mguuni siku tatu nyuma, akavaa soksi ndefu ili mtu asione, akawa anatembea nayo, analala nayo, mama alikuja kujua aliposikia harufu. Ile soksi ilikuwa imeshikana na ngozi, ikabidi niiloweshe pole pole na maji ya chumvi nikiivua sentimita moja moja, na yule mtoto hakulia hata kidogo, alikuwa anamwangalia mama yake usoni muda wote. Nilipofika kwenye kifundo akaninong'oneza, "ukimaliza utamwambia asinichape?" Mama alikuwa mtu mwema, anampenda mwanae, nilimuona alivyoishiwa nguvu pale pale kwenye benchi. Kipigo hakikumfundisha yule binti kuona sufuria ya moto, kilimfundisha kuficha kidonda, na kile kidonda kingetibiwa siku ya kwanza kisingefika pale kilipofika.

Kwahiyo tufanyeje? Mwaka 1972 idara ya afya ya jiji la New York iliona watoto wanadondoka sana kutoka madirisha ya maghorofa, wakaanzisha mpango uliopewa jina la "watoto hawawezi kuruka", kuruka kwa maana ya kupaa kama ndege. Waliwaelimisha wazazi ndio, lakini pia walikuwa wanagawa bure vizuizi vya kufunga dirishani. Kwenye eneo la Bronx idadi ya watoto kudondoka ilishuka kwa nusu kati ya 1973 na 1975, na 1976 ikawekwa sheria kwamba nyumba yenye watoto wadogo lazima mwenye nyumba aweke hivyo vizuizi. Mimi huwa naifikiria sana hiyo habari. Wale watoto hawakubadilika tabia, walikuwa watundu wale wale, madirisha ndio yalibadilika.

Na wewe anzia hapo. Kitu anachokifuata juu ya kabati kishushe mahali anapofikia, au kitoke kabisa chumba hicho. Kabati lifungwe ukutani kwa skrubu, hili wengi hawalijui, mtoto akivuta droo mbili tatu akazifanya ngazi kabati zima linamlalia. Pasi ikizimwa iende juu na waya wake uende nayo, usiache waya unaning'inia. Ngazi weka kageti, na kama huwezi kageti basi kibao cha kuzuia, ila mfundishe pia kushuka kinyumenyume mpaka miguu yake iwe mirefu.

Halafu mpe pa kupanda. Najua inasikika ajabu mtoto ana nyuzi nne usoni mi nasema apande, lakini mtoto wa hivi ukimzuia kila kitu atapanda ukiwa bafuni. Tafuta mahali pafupi, chini pawe laini, apande wewe upo, na badala ya kupiga kelele "shuka utaanguka!" mwambie afanye nini, "shika kwa mikono miwili," "mguu mmoja kwanza." Neno "angalia!" halimsaidii, anaangalia nini? Ukipiga kelele anageuka kukutazama, na hapo ndipo anapoteza balansi. Akifanya vizuri mwambie kwamba umeona alivyosubiri, wanapenda sana kuonekana, na rudia sehemu ile ile kwa sababu alichojifunza kwenye stuli ya jikoni hawezi kukihamishia kwenye kiti cha sebuleni, kwake ni vitu viwili.

Mwisho kwako, mpeleke akapimwe macho na masikio, mtoto anayejikwaa kila siku wakati mwingine haoni vizuri na hajui kwamba haoni. Na kama hata hadithi fupi hawezi kukaa akasikiliza, hawezi kusubiri zamu yake popote pale, nyumbani na shuleni vile vile, mwambie daktari, kuna hali inaitwa ADHD na watoto wenye nayo wanaumia zaidi ya wenzao, inafuatiliwa na inasaidika. Yule daktari aliyekuuliza "si yule yule" usimchukie. Mtoto akirudi rudi na majeraha ni kazi yetu kuuliza, maana wapo wanaoumizwa na watu. Mfano kichanga ambaye hajaanza hata kusimama kwa kushika vitu ni nadra awe na alama za kuvilia damu, tukiziona lazima tuulize. Jibu tu ilivyokuwa.

Swali: Habari dada, mimi ni baba wa watoto wawili, wa kike miaka 7 na wa kiume miaka 6. Wa kiume ni wa kukimbia tu, mpira ukienda barabarani na yeye huyo. Nikimkaripia mama yake anasema muache ndio uanaume huo. Ni kweli wavulana kuumia ni kawaida yao? (Baba wawili)

Jibu: Salama kaka. Ni kweli wavulana wanaumia zaidi ya wasichana, takwimu za nchi nyingi zinaonyesha hivyo na tofauti inaanza wakiwa wadogo sana. Ila sehemu ya hiyo tofauti tunaitengeneza sisi. Kuna mtafiti Canada anaitwa Barbara Morrongiello ameshughulika na haya mambo miaka mingi, na moja ya aliyoyaona kwenye viwanja vya michezo ni kwamba mama wa binti anaingilia kati mapema na mara nyingi zaidi kuliko mama wa mvulana, mtoto anafanya jambo lile lile la hatari. Binti anaambiwa utaumia, kaka yake anaambiwa jikaze. Jisikilize wiki moja tu kaka, utajisikia unayasema.

Na la barabara usilichanganye na uanaume kabisa. Mtoto wa miaka 6 hawezi kukadiria gari linakuja kwa spidi gani, wengi wanaanza kuaminika kwenye miaka 10 hivi, na akiwa anafukuza mpira haoni kitu kingine zaidi ya mpira. Kumwambia "angalia magari" ukiwa kibarazani ni sawa na kumuachia yeye kazi yako. Ukiwa naye barabarani mshike mkono, sio nguo, mkono. Mpira uchezwe mahali penye uzio au upande wa pili wa nyumba, na mkubaliane sheria moja isiyo na maneno mengi: mpira ukitoka, unasimama, unaita mkubwa. Mfanyishe zoezi, wewe mwenyewe uutupe mpira utoke, aone kusimama kunakuaje mwilini, mara kumi, mara ishirini. Na siku aliposimama kweli, mama yake ndiye amsifie.

Swali: Dada shikamoo, nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu na dada yake ana miaka 9, ana akili sana na anamuangalia mdogo wake vizuri kuliko hata mimi. Nikiwa nafua nyuma ya nyumba wanakaa wote. Jirani ananisema, eti ni makosa. Ni makosa? (Mama wa binti mwerevu)

Jibu: Marahaba. Jirani yako yuko sahihi ila najua amekuudhi.

Huyo binti ni mwerevu nakubali, lakini akiitwa na wenzake dakika mbili atageuka, kwa sababu ni mtoto na anatakiwa awe mtoto. Na dakika mbili zinatosha. Unafua, maana yake kuna ndoo na mabeseni yana maji. Mtoto wa mwaka na nusu kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, anainama kwenye ndoo kutazama au kuokota kitu, kichwa kinamvuta, miguu inanyanyuka, na mikono yake haina nguvu ya kujitoa. Maji ya sentimita 5 yanamtosha kuzama. Na jamani hasikiki! Watu wanasubiri kusikia vurugu za maji na kelele, hamna, mtoto anazama kimya, nimepokea mama anasema "nilikuwa hapo hapo nyuma ya mlango" na namuamini.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2008 ilisema kila siku watoto zaidi ya 2,000 duniani wanakufa kwa ajali ambazo hazikukusudiwa na mtu, na kuzama kulikuwa namba mbili baada ya ajali za barabarani, kabla ya moto, kuanguka na sumu.

Unapofua mdogo akae na wewe, umbali ambao ukinyoosha mkono unamgusa, na simu iache ndani. Ndoo ukimaliza kuitumia mwaga, ilaze kifudifudi. Pipa la maji liwe na mfuniko ambao mtoto haufungui. Yule mkubwa mpe kazi ya kweli inayomfaa, akuletee vibanio, amwimbie mdogo wake wewe ukiwepo, ila usimuachie jukumu ambalo likiharibika atalibeba maisha yake yote. Nimeshakaa na binti wa hivyo, akiwa na miaka 10, hakuna neno la kumwambia.

Swali: Mtoto wangu alijimwagia chai ya moto, alivuta kitambaa cha meza. Jirani akawahi kumpaka dawa ya meno, mwingine akasema mafuta. Kipi sahihi? (Msomaji)

Jibu: Vyote hapana. Maji ya bomba ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20, hesabu kwa saa maana dakika 20 mtoto analia ni ndefu kweli. Sio barafu. Yanasaidia hata kama zimepita saa mbili tatu tangu aungue. Vua nguo na bangili mapema kabla hajavimba, ila nguo iliyoganda kwenye ngozi usiibandue. Sehemu nyingine ya mwili ifunike asipate baridi, kisha kidonda funika na kitambaa safi bila kupaka chochote. Nenda hospitali kama kidonda ni kikubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au kiko usoni, mikononi, miguuni, kwenye maungio au sehemu za siri, na kama ni kichanga nenda hata kiwe kidogo. Ngozi yao ni nyembamba, maji ya nyuzi 60 yanawaunguza vibaya kwa sekunde chache tu. Kitambaa cha meza kitoe mpaka akue.

Swali: Mambo dada. Wangu ana miaka 2 kila kitu anatia mdomoni, mchanga, vifungo, juzi nimemtoa kifuniko cha kalamu. Ni ugonjwa? Na akimeza kitu nimtapishe? (Mama K)

Jibu: Poa mpenzi. Sio ugonjwa, kwa umri huo mdomo ndio jicho lake la pili, wengi wanaanza kuacha wakikaribia miaka 3. Akiendelea sana baada ya hapo, hasa kula udongo na vitu visivyoliwa, mpeleke akaangaliwe damu.

Kumtapisha usimtapishe. Akinywa mafuta ya taa au dawa ya kusafishia choo, ukimtapisha inapita mara ya pili, inaunguza tena, na mafuta ya taa yakiingia kwenye mapafu ndio balaa lenyewe. Mpeleke hospitali na chombo chenyewe mkononi ili waone alichokunywa. Na hivyo vitu visikae kwenye chupa ya soda au ya maji, nakuomba, mtoto wa miaka 2 anajua chupa ya soda ina nini. Akipaliwa akawa hawezi kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi mapajani kwako kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni katikati ya mabega mara 5 kwa kisigino cha kiganja, isipotoka simama nyuma yake umminye tumbo juu ya kitovu kuelekea ndani na juu mara 5, urudie, huku mtu anaita msaada. Kwa mwenye chini ya mwaka mmoja sio tumbo, ni vidole viwili katikati ya kifua.

Kinachonitisha kuliko vifungo ni zile betri bapa za mviringo kama sarafu. Ikikwama kwenye koo la chakula inaanza kuunguza kwa umeme wake na ndani ya saa 2 inaweza kuwa imetoboa, na mtoto anaweza kuonekana ana mafua tu, anatoa udenda, anakataa kula. Ukishuku tu kwamba kameza usingoje kesho wala usingoje itoke kwenye choo, nenda saa hiyo hiyo useme neno "betri" ukiwa mlangoni, wampige picha. Sa hivi hapo ulipo chukua rimoti, mizani ya jikoni, kadi zinazoimba, mishumaa ya betri, vigeuze nyuma uangalie kifuniko kama kina skrubu. Kisichokuwa na skrubu kifunge na selotepu ngumu, izungushe mara tatu, au kiondoke nyumbani.